Kuruka kwa Vyombo: Maswali na Majibu kwa Marubani Watarajiwa wa Shinyanga na Geita

Watu wa ukanda wa dhahabu wamezoea ndege. Migodi ya Geita, Bulyanhulu na Buzwagi ilijengewa viwanja vyake, na Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, nako kuna kiwanja. Shinyanga ina uwanja wa Ibadakuli. Uwanja wa Geita ulioko Chato una njia ya kurukia ya lami yenye urefu wa kilomita 3. Mwanza, lango la Kanda ya Ziwa, haiko mbali. Haishangazi basi kwamba vijana wa Kahama, Shinyanga na Geita wanataka kukaa mbele ya ndege hizo, na wazazi wao wanauliza safari hiyo inapitia wapi.

Hatua moja katika safari hiyo huwasumbua wengi: mitihani ya idhini ya kuruka kwa kutumia vyombo, ambayo marubani huiita IR. Makala hii inajibu maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mtihani wa maandishi, mtihani wa angani na maandalizi yake. Jambo moja litajirudia humu, kwa sababu ndilo kiini cha somo lote: IR humfundisha rubani kuamua mapema, wakati angali ana mafuta, kimo na nafasi ya kwenda kwingine. Anayeisomea kama ruhusa ya kupasua dhoruba ameielewa kinyume.

IR ni nini, na nani anaihitaji?

Rubani mwanafunzi huanza kwa kuruka akiangalia nje: anaona upeo wa macho, barabara, mto, mlima. Sheria humtaka abaki mbali na mawingu na asiruke pale ambapo hawezi kuona kwa umbali uliowekwa. IR huongezwa kwenye leseni yake ili aruhusiwe kuruka ndani ya mawingu, ukungu au mvua, akiongozwa na vyombo vilivyo mbele yake, ramani za taratibu za kutua na maelekezo ya waongoza ndege.

Ukiruka kwa burudani siku za jua, unaweza kuishi bila IR. Ukitaka kuajiriwa na kampuni ya ndege, utaihitaji. Leseni ya juu kabisa ya urubani wa ndege za abiria haitolewi kwa asiyejua kuruka kwa vyombo.

Wa kwanza kupaa, kuzunguka na kutua akitegemea vyombo peke yake alikuwa Mmarekani Jimmy Doolittle, tarehe 24 Septemba 1929. Mengi yanayofundishwa leo katika IR yamejengwa juu ya jaribio hilo.

Kwa nini Kanda ya Ziwa inaidai IR kuliko sehemu nyingi?

Sababu kubwa ni Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ukingoni kuelekea ziwani kutoka kila upande, hukutana katikati, na hewa yenye unyevu hulazimika kupanda. Ndiyo maana radi nyingi za ziwani huunguruma usiku wa manane hadi asubuhi. Mchana mambo hugeuka: upepo hutoka ziwani kuingia nchi kavu, na alasiri mawingu makubwa hujengeka juu ya mikoa inayolizunguka ziwa. Rubani anayewahi kutua alfajiri na yule anayerudi saa kumi jioni hukutana na hatari mbili tofauti katika siku moja.

Kiangazi nacho kina lake. Moto wa mbuga na mashamba pamoja na vumbi hutanda kama pazia, na siku isiyo na wingu hata moja bado inaweza kuwa siku ambayo huoni mbele.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyokuwa ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia Ziwa Victoria, karibu na uwanja. Ilikuwa na watu 43, na 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Haitupasi kuwahukumu waliotangulia. Inatupasa kuitazama hali ya hewa ya ziwa hili kwa heshima na kujiandaa nayo kabla haijatukuta angani.

Masharti gani yatimie kabla ya mitihani?

Msimamizi wa leseni za marubani nchini ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Kanuni zake hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa zikioanisha kanuni zao kupitia wakala wao wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe. Viwango vya msingi vya ICAO ni hivi:

- Uwe tayari na leseni ya urubani.
- Uwe umeruka saa 50 za safari za mbali ukiwa ndiye rubani mwenye dhamana.
- Uwe na saa 40 za kuruka kwa vyombo. Sehemu ya saa hizo inaweza kufanyika ardhini kwenye simuleta: kwa kawaida zisizidi 20, au 30 ikiwa kifaa ni simuleta kamili ya ndege.
- Kati ya hizo 40, angalau saa 10 ziwe za mafunzo angani pamoja na mwalimu aliyeidhinishwa.
- Uwe na cheti cha afya. Hata mwenye leseni ya binafsi akitaka IR, kusikia kwake hupimwa kwa kiwango cha marubani wa biashara.
- Uwe umepimwa Kiingereza cha anga na kufikia angalau daraja la 4 kati ya 6. Daraja la 4 hupimwa tena kila baada ya miaka 3, la 5 kila baada ya miaka 6, na la 6 halipimwi tena.

Kabla hujajisajili, chukua kanuni za TCAA zinazotumika mwaka huo uzisome mwenyewe. Usitegemee maneno ya aliyefanya mtihani miaka mitano iliyopita.

Nimefanya kazi mgodini. Afya yangu itanikwamisha?

Si lazima, lakini usipuuze. Kelele za makarasha na mashine za kuchoronga miamba huharibu uwezo wa kusikia polepole, bila maumivu, na kwa kawaida sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Rubani wa IR hupokea maelekezo yake yote kupitia redio yenye mikwaruzo. Akisikia kimo kimoja badala ya kingine, amekosea kwa mamia ya futi. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu nayo hudhuru mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, na macho yanaweza kuathirika.

Ikiwa umewahi kufanya kazi hizo, nenda kwa daktari wa anga aliyeidhinishwa na TCAA kabla ya kulipa ada ya shule, na umweleze kila kitu. Tatizo likigunduliwa mapema unaweza kupanga upya maisha yako. Likigunduliwa baada ya familia kuuza ng'ombe na kiwanja, hasara ni ya ukoo mzima.

Mtihani wa maandishi unauliza nini?

Maeneo yake ni haya: sheria za anga, mifumo ya ndege na vyombo vyake, upangaji wa safari na uwezo wa ndege, mwili na akili ya binadamu angani, hali ya hewa, uongozaji wa safari, taratibu za urukaji, na mawasiliano ya redio. Maswali yako kwa Kiingereza. Jibu sahihi huwekwa katikati ya majibu yanayofanana nalo, hivyo aliyekariri hubabaika na aliyeelewa huchagua bila shida.

Tuchukue mfano wa taarifa ya hali ya hewa, aina ambayo mtahiniwa lazima aisome papo hapo:

HTMW 150600Z 15012KT 4000 TSRA FEW018CB BKN020 20/18 Q1018

HTMW ni uwanja wa Mwanza. Sehemu ya 150600Z inasema tarehe 15, saa 06:00 ya kimataifa. Tanzania iko mbele kwa saa 3, kwa hiyo hapa ni saa tatu kamili asubuhi. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna njia ya mkato: toa 3 kwenye saa ya kimataifa, unapata saa yetu. Sita toa tatu ni saa tatu. 12:00 ya kimataifa ni saa tisa alasiri.

Upepo unatoka nyuzi 150 kwa noti 12, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Uonekanaji ni mita 4,000. TSRA ni radi na mvua. Kuna mawingu machache ya radi kuanzia futi 1,800, na mawingu yaliyofunika zaidi ya nusu ya anga kuanzia futi 2,000. Joto ni nyuzi 20 na kiwango cha umande ni 18. Namba hizo mbili zikikaribiana hivyo, unyevu umejaa na mawingu yanaweza kushuka zaidi. Q1018 ni mgandamizo wa hewa, ambao rubani huuweka kwenye altimita yake, chombo kinachoonyesha kimo.

Mtego uko kwenye futi 2,000. Kimo hicho kinahesabiwa kutoka uwanjani, wakati altimita ya rubani inahesabu kutoka usawa wa bahari. Mwanza iko takriban futi 3,760 juu ya bahari, kwa hiyo chini ya mawingu hayo altimita itaonyesha karibu futi 5,760. Watahiniwa wengi husahau kujumlisha.

Fundisho kubwa zaidi liko kwenye mita 4,000 na herufi CB. Kiwango cha kawaida cha kuruka kwa kuona katika anga la chini linaloongozwa ni kilomita 5, hivyo rubani asiye na IR safari yake imeishia hapo, isipokuwa apewe kibali maalumu. Mwenye IR ana ruhusa ya kisheria. Lakini CB ni wingu la radi, na hakuna leseni inayoligeuza kuwa salama. Mwenye IR aliyefundishwa vizuri ataisoma taarifa hii, atafungua utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, kisha atasubiri ardhini dhoruba ipite.

Hesabu gani zisinipite?

Zipo nyingi, lakini hizi hutumika kila siku na hurudi kila mtihani.

Ya kwanza ni mgandamizo. Tofauti ya kipimo kimoja cha hektopaskali ni takriban futi 30. Ukiweka 1028 badala ya 1018, altimita itakuonyesha futi 300 zaidi ya kimo chako halisi. Utaona umuhimu wa namba hiyo tukifika kwenye mtihani wa angani.

Ya pili ni joto na mwinuko. Shinyanga iko karibu futi 3,800 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hujiona kama iko futi 6,500. Itahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia na itapanda polepole. Ukighairi kutua alasiri ya Oktoba, kasi ya kupanda uliyoizoea asubuhi hutaipata.

Ya tatu ni mshuko. Kwa njia ya kushukia ya nyuzi 3, zidisha kasi yako juu ya ardhi mara 5. Noti 90 zinadai mshuko wa futi 450 kwa dakika.

Ya nne ni kugeuka na kuzunguka. Mgeuko wa kawaida ni nyuzi 3 kwa sekunde, yaani mzunguko kamili kwa dakika 2. Unapozungushwa kusubiri, mgeuko wa kawaida ni wa kulia, na mguu wa kutokea ni dakika 1 hadi futi 14,000, kisha dakika moja na nusu ukiwa juu zaidi.

Nisome kwa njia gani?

Gawa masomo kwa wiki na usiache hali ya hewa iwe ya mwisho. Kila asubuhi soma taarifa na utabiri wa Mwanza, andika unachotarajia kutokea mchana, na jioni ulinganishe na kilichotokea. Ukiishi Geita au Kahama, anga lenyewe litakusahihishia kazi yako bure.

Someni wawili au watatu. Mmoja aeleze somo kwa Kiswahili au Kisukuma, bila kitabu, na wenzake wamhoji. Ukishindwa kueleza kwa lugha ya nyumbani kwa nini sindano inaonyesha hivi na si vile, bado hujaelewa, hata kama unakumbuka sentensi ya kitabu. Kisha rudini kwenye Kiingereza na mfanye maswali kwa saa, kwa sababu mtihani hauna muda wa kutafsiri.

Hakikisha ramani zako za kutua ni za sasa. Taarifa rasmi za anga hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28, na ramani uliyopewa na kaka aliyemaliza mwaka jana inaweza kuwa na kimo kilichofutwa.

Kwa nini mwalimu anasisitiza nisiamini mwili wangu?

Kwa sababu mwili hudanganya ukikosa upeo wa macho. Sikio la ndani huhisi ndege inapoanza kugeuka, lakini mgeuko ukidumu, kile kimiminika cha sikioni hutulia na ubongo huamini kwamba ndege imenyooka. Rubani akiirudisha sawasawa, atahisi kama ameilaza upande wa pili, naye atairudisha kwenye mgeuko ule ule. Ndege huanza kuzunguka ikishuka. Rubani anavuta usukani ili apande, na mzunguko unazidi kubana.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapima marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo, wakiwa wamezuiwa kuona nje. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178, yaani pungufu ya dakika 3. Kisha watafiti hao wakawafundisha mbinu rahisi ya kugeuza ndege kwa vyombo na kurudi walikotoka, na karibu majaribio yote yaliyofuata yalifanikiwa. Ni habari njema: udhaifu ni wa kila mtu, na dawa yake inafundishika.

Dawa hiyo ni kuzungusha macho. Anza na upeo bandia, yaani chombo kinachoonyesha mkao wa ndege, nenda kwenye chombo kimoja, rudi kwenye upeo bandia, nenda kwenye kingine. Usikodolee sindano moja. Ukiwa nyumbani, kaa mbele ya picha ya vyombo, taja kwa sauti kila unachokiangalia na unachotarajia kukiona. Haina gharama, na inajenga tabia kabla hujalipia dakika ya kwanza ya injini.

Mtihani wa angani ukoje?

Huanza ardhini. Mkaguzi aliyeidhinishwa hukupa safari na kukuuliza: hali ya hewa ikoje, mafuta ni kiasi gani, uwanja mbadala ni upi, kuna taarifa gani za tahadhari kwa marubani, vyombo vya ndege hii vinatimiza masharti? Majibu yako hapa humwambia mengi kabla hujawasha injini.

Angani utavaa kofia maalumu inayokuzuia kuona nje. Utapaa kwa utaratibu uliochapishwa, utashika njia, utaingia kwenye mzunguko wa kusubiri, utakaribia kutua kwa taratibu za aina mbalimbali, na utaghairi angalau mara moja. Chombo kimoja kinaweza kuzimwa makusudi. Kama ndege ina injini mbili, mkaguzi atapunguza nguvu ya moja ili aone utafanya nini.

Usahihi unaodaiwa ni mkubwa. Barani Ulaya, kwa mfano, kimo kisipotee zaidi ya futi 100 juu au chini na mwelekeo usipotee zaidi ya nyuzi 5 injini zote zikifanya kazi. Kwenye kimo cha uamuzi, yaani pale ambapo lazima uone njia ya kurukia au ughairi, unaruhusiwa kuanza kughairi hadi futi 50 juu yake, na hata futi moja chini yake hairuhusiwi. Uliza shule yako ikupe jedwali la viwango vya TCAA, kisha fanya mazoezi kwa kiwango kikali zaidi ya hicho.

Tuiangalie dakika moja ya mtihani huo. Tuseme uwanja uko futi 3,760 na kimo cha uamuzi ni futi 3,960, yaani futi 200 juu ya ardhi. Unashuka kwa noti 90, futi 450 kwa dakika. Mawingu ni mazito. Mafuta umeyakagua, magurudumu yapo chini, sindano za mwongozo wa kutua zimesimama katikati. Unataja vimo kwa sauti: elfu nne mia mbili, elfu nne mia moja, elfu nne. Kwenye 3,960 unainua macho. Huoni taa wala lami.

Hapo hakuna mjadala. Nguvu ya injini yote, pua juu, mbawa sawa, thibitisha unapanda, ndipo ukunje magurudumu na kufuata njia ya kughairi. Redio ije baadaye. Ukisita kwa sekunde 10 ukitumaini kuona kitu, umeshuka futi 75 kati ya zile 200. Na kama mwanzoni uliweka 1028 badala ya 1018, zile futi 300 za uongo zimezimeza futi 200 zote ulizodhani unazo: ungegonga ardhi kabla altimita haijafika kwenye kimo cha uamuzi. Ndiyo maana mkaguzi anakuangalia vidole unapoweka namba hiyo kabla ya kutua.

Watahiniwa huanguka wapi zaidi?

Wengi wenye mikono mizuri huangushwa na haya:

- Kuchelewa kujiandaa. Ramani isomwe na redio zipangwe kabla ya mshuko kuanza.
- Kupokea kibali na kukirudia nusunusu. Ukiwa na shaka, omba kirudiwe. Hakuna mkaguzi anayemwangusha mtu kwa kuuliza.
- Kuganda kwenye kosa dogo lililopita hadi kubwa linakuja bila kuonekana. Sahihisha, endelea.
- Kushuka chini ya kimo cha mwisho kwa kutumaini.
- Kuona aibu kughairi. Anayeghairi kwa wakati, kwa utaratibu, amefanya kilicho sahihi, na mkaguzi huandika hivyo.

Nikiwa na IR, naweza kushuka ndani ya mawingu hadi kiwanja chochote cha mgodi?

Hapana. Hili ndilo swali muhimu kuliko yote kwa ukanda wetu. Kushuka ndani ya mawingu kunaruhusiwa pale tu uwanja unapokuwa na utaratibu wa kutua kwa vyombo, uliopimwa, ukaidhinishwa na kuchapishwa. Wapimaji huhesabu kila kilima, mnara wa simu na nguzo ya umeme. Njia ndefu ya lami peke yake haitoshi, na alama ya kiwanja kwenye kifaa cha setilaiti haitoshi pia. Kifaa hicho kitakuonyesha kiwanja kilipo bila kukuambia kuna nini kati yako na kiwanja. Geita ina vilima, na Mwanza ina majabali ambayo kila mwenyeji anayajua.

Kabla ya safari, fungua kitabu rasmi cha taarifa za anga cha TCAA na uone kama uwanja unaokwenda una utaratibu huo. Kama hauna, unaruhusiwa kuufikia kwa kuona tu. Ikiwa huoni ardhi ukiwa kwenye kimo salama kilichochapishwa, safari ya kwenda hapo imekwisha. Abiria watanuna, meneja atapiga simu, na wewe utakuwa sahihi.

Uwanja mbadala na mafuta vinapangwaje huku kwetu?

Kwa umbali halisi, si kwa matumaini. Radi iliyoifunga Mwanza mara nyingi inaweza kuzifunga na jirani zake, kwa hiyo mbadala mzuri unaweza kuwa mbali. Kutoka Mwanza hadi Uwanja wa Kilimanjaro, KIA, ni takriban maili za baharini 255. Ndege ya noti 120 itatumia zaidi ya saa 2 hata bila upepo wa mbele. Entebbe iko kama maili 150 ng'ambo ya ziwa, lakini hiyo ni nchi nyingine yenye taratibu zake za kuingia.

Tuseme ndege yako inakunywa lita 80 kwa saa. Kwenda KIA ni takriban lita 170. Ongeza akiba ya mwisho ya dakika 45 kwa injini za pistoni, yaani lita 60. Hizo ni lita 230 zinazotakiwa kubaki kwenye tangi utakapofika juu ya Mwanza, mbali na mafuta ya kufikia hapo. Mafuta hayo yana uzito, na uzito huo unamaanisha abiria au mizigo kubaki. Rubani anayekubali kuacha mzigo ili abebe mafuta amefaulu mtihani ambao hauna mkaguzi.

Nikasome wapi, na mzazi aulize nini kabla ya kulipa?

Watanzania wamekuwa wakisomea urubani nchini Kenya, hasa katika shule za Uwanja wa Wilson, Nairobi. Wamesomea pia Uganda, katika chuo cha Soroti kilichoanzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Wengine wamekwenda Ethiopia na Afrika Kusini. Nyumbani, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimepewa jukumu la kuwa kituo cha umahiri katika masuala ya anga.

Mzazi, uliza haya na ujibiwe kwa maandishi: Shule ina kibali cha sasa cha mamlaka ya nchi yake? TCAA inaitambua? Ndege ngapi zina vyombo vya IR na zinaruka leo? Simuleta imeidhinishwa kwa saa ngapi? Bei inajumuisha mafuta, ada ya mkaguzi, ada za kutua na marudio ya mtihani? Lipa kwa awamu, kila awamu ifuate hatua iliyokamilika. Aliyesoma nje atahitaji TCAA ihamishe au itambue leseni yake, kwa hiyo atunze daftari la saa zake likiwa safi, limesainiwa, na awe na nakala.

Nikishindwa? Na nikifaulu, inadumu?

Kushindwa si mwisho. Omba mkaguzi akueleze sehemu zilizoanguka, zifanyie mazoezi na mwalimu, urudi. Usibadilishe shule kwa hasira wala kutafuta mkaguzi mlegevu, kwa maana huyo hatakuwa nawe usiku juu ya ziwa.

Ukifaulu, ustadi huu huchakaa haraka. Idhini huhitaji kupimwa upya kwa vipindi vilivyowekwa, na nchi nyingi huongeza sharti la mazoezi ya karibuni: Marekani humtaka rubani awe amefanya angalau taratibu 6 za kukaribia kutua kwa vyombo ndani ya miezi 6. Hata pasipo sharti, jiwekee lako.

Nianzie wapi wiki hii?

Nenda kapimwe masikio na macho na daktari wa anga. Andikia TCAA kuomba kanuni, ratiba na ada za mitihani. Anza daftari la hali ya hewa ya Mwanza. Na andika kwenye ukurasa wake wa kwanza mipaka yako binafsi: mawingu yakiwa chini ya kimo gani hutaondoka, mafuta yakibaki kiasi gani utageuka, radi ikiwa umbali gani utasubiri. Iandike sasa, ukiwa ardhini na akili imetulia, kwa sababu angani utakuwa na sekunde chache tu za kuitii.